Kasoro za Nyumba ya Halfani

Halfani bin Msafiri alikuwa nyapara wa njia ya reli kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo alijenga nyumba moja tu. Hakuijenga kwa mkupuo. Kila alipopata kitu kidogo cha ziada aliongeza chumba, na kwa kuwa kila chumba kilikuwa na mwaka wake na fundi wake, sakafu ya kila kimoja ilikuwa na kimo chake. Ukiingia kwa mlango wa mbele ukafuata ushoroba kwenda uwani, ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda tena mara mbili, kisha ukashuka kwa hatua ndefu mpaka jikoni. Mtoto wake wa pekee, Amiri, alijifunza kutembea humo ndani, na majirani walisema ndiyo maana alipokua akawa baharia wa meli za ziwa kule Mwanza.

Nyumba ilikuwa Dodoma mjini, nyuma ya soko, vyumba sita, kuta za miti na udongo, bati juu. Nguzo mbili za baraza zilikuwa mataruma ya chuma, yale yanayolala chini ya reli, ambayo Halfani aliyanunua siku vyuma chakavu vilipouzwa. Risiti yake aliitunza ndani ya kopo la biskuti, asije mtu akasema nyapara aliiba mali ya reli.

Mwaka wa 1954 Halfani alistaafu. Mwaka huohuo mkewe, Stara, alifiwa na kaka yake kule Kondoa, akaachiwa shamba lenye chemchemi. Stara alikuwa ameishi Dodoma miaka thelathini akinunua maji kwa debe, maji yenyewe ya chumvi, chai hainyweki bila sukari nyingi. Habari za chemchemi zilifika jioni. Kesho yake akamwambia mumewe kwamba angependa kufia mahali ambapo maji yanatoka ardhini yenyewe bila kubembelezwa. Halfani akakubali. Walipatana wauze nyumba kabla ya mvua za Desemba, wawahi kupanda.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Shantaben, mke wa Chandulal muuza vitambaa. Yeye na Stara walikuwa wakipeana pilipili na habari juu ya ukuta kwa miaka kumi na tano. Shantaben alikwishauza nyumba mara moja, walipohama Kilosa, na kwa hiyo alijihesabu kuwa mjuzi. Alikuja na miwani yake, akapita chumba hadi chumba, kisha akaketi jikoni na kutoa hukumu. Kuku watoke, wakalelewe kwake. Kuta zipakwe chokaa, mlango wa mbele upakwe rangi ya kijani. Magunia ya karanga, baiskeli isiyo na magurudumu na ile mitungi iliyopasuka vihamie kwake. Na siku mnunuzi anapokuja, pakaangwe vitunguu na bizari kidogo, maana mtu akisikia harufu ya chakula huanza kujiona amekaa.

"Mnunuzi hatafuti kuta, Stara," alimwambia. "Anatafuta maisha yake yalivyo mazuri huko mbele. Wewe muonyeshe hayo tu."

Na kwa kuwa viti vya Stara vilikuwa vimelegea, Shantaben alimwazima vya kwake vinne, akamwazima na kabati la kioo, na saa ya ukutani iliyolia kila baada ya nusu saa. Vyote vilivushwa asubuhi moja. Chumba cha mbele kikapendeza hata Stara mwenyewe akawa anakipitia mara kwa mara bila kazi yoyote. Halfani alirudi kutoka msikitini, akasimama mlangoni, akauliza ni nyumba ya nani.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mwalimu Abbasi, kijana aliyehamishiwa Dodoma kutoka Morogoro, mwenye mke na watoto wawili. Alikuja na suruali iliyopigwa pasi, akasifu mlango, akasifu chokaa, akavuta harufu ya vitunguu. Stara alimwona jinsi macho yake yalivyolainika. Saa ikalia. Mwalimu akasema hiyo saa ni nzuri sana.

"Ni ya jirani," Halfani alisema. "Kabati nalo la jirani. Viti pia. Njoo nikuonyeshe nyumba."

Akamwonyesha. Alimwonyesha mahali bati linapovuja katika chumba cha pili, akamweleza kwamba lilianza kuvuja mwaka wa arobaini na nane, kwanza kwa matone, kisha kwa mfululizo. Alimwonyesha sakafu ya chumba cha nne ilivyobonyea katikati, akamwomba asimame hapo ajisikie mwenyewe. Aligonga mwimo wa mlango wa uwani kwa kidole, akamwambia mwalimu atege sikio asikie palivyo patupu ndani, kwa sababu mchwa walikuwa wamekwishakula. Alisema yote haya kwa upole na ufasaha, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa ndugu zake. Mwalimu alishukuru sana, akasema atazungumza na mkewe, na hawakumwona tena.

Wa pili alikuwa Gulamrasul, mfanyabiashara wa nafaka, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Yeye alitaka ghala. Stara alimwomba mumewe, kwa jina la mtoto wao, angoje kuulizwa. Halfani alingoja. Gulamrasul aliuliza kama sakafu inaweza kubeba magunia. Basi akawa ameulizwa. Alipomaliza kujibu, yule mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akataja bei ambayo ilikuwa nusu ya waliyotaka, akasema hawezi kuzidisha hapo kwa nyumba ambayo mwenyewe anaisema hivyo.

Siku mbili Stara hakusema na mumewe ila salamu na "chakula tayari". Siku ya tatu alimkuta barazani akinoa panga ambalo halikuwa butu, akaketi mbele yake.

"Baba Amiri, niambie ukweli. Unataka kuhama au hutaki?"

"Nataka."

"Basi mbona unawafukuza watu?"

Halfani aliweka panga chini. Hakuwa mtu wa kujieleza, na alichukua muda kupata mwanzo. Alisema kwamba miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kutembea. Alfajiri akitoka stesheni kuelekea Zuzu na kurudi, maili kwa maili, akitazama chini: msumari uliolegea, taruma lililoliwa na kutu, kokoto zilizochukuliwa na maji. Akiona, anasema. Masika moja alikuta korongo limekula tuta lote chini ya reli, vyuma vimebaki vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Alikimbia na bendera nyekundu mpaka akalisimamisha gari moshi la abiria. Abiria walimtukana kwa kuwachelewesha, na yeye alifurahi kutukanwa, kwa sababu maiti hawatukani.

"Kasoro ukiijua ukainyamazia, imekuwa yako," alisema. "Mtu alale ndani ya nyumba yangu alowe, aseme Halfani alijua. Hilo siliwezi, Mama Amiri."

Stara alikuwa ameolewa naye miaka thelathini, na ile habari ya korongo aliijua, lakini hakuwahi kuisikia ikielezwa hivyo. Hasira ilimtoka polepole. Kisha likamjia swali.

"Hiyo misumari iliyolegea, ulikuwa ukiiripoti tu, au ulikuwa ukiigongelea?"

"Tulikuwa tukiigongelea. Ripoti bila nyundo ni umbeya."

"Na hili bati linavuja tangu mwaka wa arobaini na nane."

Halfani alimtazama mkewe, akatazama paa, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa waziwazi. Siku hiyohiyo alikwenda sokoni kununua misumari ya bati na kopo la lami.

Ndipo ilipoanza kazi yenyewe, na ilichukua mwezi mzima wa Oktoba. Vitu vya Shantaben vilirudishwa kwao, ingawa mwenyewe alinung'unika kwamba wanaharibu mpango. Halfani alipanda juu ya paa kila asubuhi kabla bati halijawa moto, akang'oa misumari iliyokula kutu, akapiga mipya, akaziba kila tundu kwa lami. Stara alikaa ndani gizani, milango imefungwa, akitafuta vijitundu vya mwanga. Kila akiona nukta akigonga bati kwa ufito, na Halfani kule juu akaifuata sauti. Walikuwa hawajafanya kazi pamoja namna ile tangu chumba cha kwanza, Amiri alipokuwa mgongoni. Stara aligundua kwamba mumewe huimba anapopiga nyundo, na kwamba wimbo wenyewe una maneno mawili tu.

Sakafu ya chumba cha nne ndiyo iliyowashangaza wote. Halfani alidhani udongo ulijibonyeza tu. Alipochimba kufika magotini, jembe likazama kwenye uwazi, na chini yake pakaonekana vyumba vingine: vijumba vya mchwa, vimejengwa kwa ustadi, dari juu ya dari. Habari zikaenea mtaani. Watu waliingia kutazama, wengine wakitoa mashauri, mafuta ya taa, maji ya moto, majivu, na mzee mmoja akasema haifai kitu chochote mpaka apatikane malkia. Shantaben alisimama ushorobani na kitambaa puani, akikataa kuingia na akikataa kuondoka. Waliendelea kuchimba mpaka alasiri, hadi kifuani, ndipo Halfani alipoinua donge gumu, akalipasua, akamtoa malkia mnene kama kidole gumba. Kuku waliletwa kutoka kwa jirani. Wakaingia ndani ya shimo lile wakashiba hata wakashindwa kutoka, ikabidi wainuliwe mmoja mmoja.

Jioni ile Halfani alikaa ukingoni mwa shimo, udongo mpaka kwenye nyusi. Alisema kwamba amewalisha wapangaji wale miaka kumi na moja, wamemlia milango miwili na mwimo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamkia. Stara alicheka mpaka akashika mbavu. Shimo lilijazwa mawe na kokoto, likashindiliwa, na sakafu ikasawazishwa kwa saruji.

Novemba ilipoingia nyumba ilikuwa nzima. Chokaa ilipakwa upya, na mwimo wa uwani ukawa wa mninga. Ndipo alipokuja Zipora.

Alikuwa Mgogo wa Chamwino, mwanamke wa kama miaka arobaini, mkunga wa hospitali ya pale mjini, mrefu, mwenye viatu vya kufunga kamba na sauti ya chini. Hakuwa na mume. Hakueleza kwa nini, wala hawakumwuliza. Aliamkia, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akakataa kiti, akaomba aione nyumba kwanza. Fedha zake alikuwa ameziweka akiba Posta, alisema, kwa hiyo wasiwe na shaka hiyo.

Halfani alimwongoza. Stara alifuata nyuma, na kwa mara ya kwanza alimwona mumewe hana la kusema. Walipita chumba cha pili: bati zima. Walipita cha nne: sakafu imara. Kufika mlango wa uwani Halfani aligonga mwimo mpya kwa kidole, kwa mazoea tu, ukatoa sauti nzito ya mti mzima.

"Mzee, kasoro yake ni nini?" Zipora aliuliza.

"Haina," alisema Halfani, na alionekana kama mtu aliyepoteza kitu.

Walikuwa wakirudi mbele. Zipora aliinua macho kutazama mapau, na palepale, kwenye mlango wa chumba cha tatu, mguu wake ulikosa sakafu. Aliyumba, akashika ukuta, akasimama. Akatazama chini. Akarudi nyuma hatua chache, akaupita ushoroba wote tena polepole, akihesabu kwa sauti ndogo kila mahali panapopanda na kushuka. Vipandio vilikuwa vitano.

"Na hivi?"

"Hivyo ni vidaraja tu," alisema Halfani. "Miguu huzoea."

Zipora akawaeleza sababu ya kutaka nyumba. Wanawake wa Zuzu, wa Chamwino na wa mbali zaidi walikuwa wakija mjini siku zao zikikaribia, hawana pa kulala. Wengine walijifungulia barazani mwa watu, wengine njiani. Yeye alitaka vyumba vinne viwe vyao, kila mmoja aje wiki mbili mapema akae kwa amani, na vyumba viwili viwe vyake na mama yake.

"Sasa mzee, mama wa miezi tisa, haoni hata vidole vyake vya miguu, apite hapa na kibatari."

Halfani alitazama ushoroba wake. Alikuwa ameutembea maelfu ya mara, akitafuta kasoro ukutani na paani na sakafuni, na kubwa kuliko zote alikuwa akiivuka kila siku bila kuiona. Uso wake ulifanya vile uso wa mtoto unavyofanya anapoulizwa sala aliyodai anaijua. Stara alijizuia, akashindwa, akaketi kwenye kidaraja cha tatu akacheka mpaka khanga ikamwanguka kichwani. Zipora naye akacheka. Mwishowe Halfani akatabasamu, akakiri kwamba hiyo kweli ni kasoro, na kwamba ni yake.

Kabla ya kuondoka Zipora alisema neno moja zaidi. Nyumba ameipenda, lakini nyumba ya Dodoma haitazamwi kiangazi. Angependa kurudi siku ya mvua ya kwanza, aone.

Kesho yake Halfani aliazima pimamaji kwa fundi mmoja wa reli, akanyoosha kamba kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Stara alimwuliza kwa nini ahangaike kabla ya kujua kama yule mama atanunua. Alijibu kwamba kasoro haingoji mnunuzi. Alivunja vidaraja vyote vitano na kuvigeuza miteremko mirefu ya saruji, midogo hata mguu hauihisi, kwa hesabu ileile ya tuta la reli, maana gari moshi nalo, alisema, ni kama mjamzito: halipandi ngazi. Siku sita alipiga magoti katika ushoroba ule. Alipomaliza aliviringisha chungwa kutoka chumba cha kwanza, likaenda taratibu mpaka jikoni, likasimama miguuni mwa mkewe.

Mvua haikuja. Novemba iliisha kwa upepo na vumbi jekundu, mawingu yakijikusanya upande wa Mtera kila alasiri na kutawanyika. Barua ilifika kutoka Kondoa: huko mvua imekwishanyesha, watu wameanza kupanda, na shamba lisipolimwa wiki hiyo au inayofuata mwaka utapotea.

Katika hali hiyo Gulamrasul alirudi. Alikuwa amesikia mtaani habari za malkia wa mchwa. Aliupita ushoroba, akarudi, akaomba toroli lake la magunia liletwe, akalisukuma mwenyewe kutoka mbele hadi nyuma kwa mkono mmoja. Alisema hajapata kuona nyumba ya Kiswahili iliyopangwa vizuri hivyo kwa ghala. Angebomoa kuta mbili tu za kati. Kisha akataja bei yote waliyotaka tangu mwanzo, mkononi, kesho baada ya adhuhuri.

Alipoondoka, Halfani alimtazama mkewe. "Shamba ni lako," alisema. "Amua wewe. Nitakalosikia kwako ndilo."

Stara hakulala vizuri. Asubuhi alivaa baibui lake, akaenda hospitali kwa miguu. Alingojea kwenye benchi pamoja na wanawake wenye matumbo makubwa, mmoja amekaa chini juu ya kipande cha ngozi, amejifunga kaniki, amesinzia akiwa ameegemea ukuta. Stara alimwuliza ametoka wapi. Akasema, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, kwamba ametembea siku mbili na usiku uliopita alilala stesheni.

Zipora alitoka na aproni yenye madoa, akaketi kando yake. Stara alimweleza yote bila kuficha: Gulamrasul, bei, barua ya Kondoa, leo baada ya adhuhuri. Zipora alisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kukuomba ukatae fedha kwa ajili ya mvua ambayo haijaja," alisema. "Basi nitanunua kwa macho yako, mama. Niambie wewe. Itavuja?"

Hapo Stara alikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu la vitunguu vya kukaanga na saa ya kuazima: haivuji hata tone. Ndilo ambalo Shantaben angetaka aseme, na miezi miwili nyuma angelisema bila kupepesa. Lakini yule mama wa stesheni alikuwa amesinzia pale, kichwa chake karibu na goti la Stara.

"Sijui," alisema. "Nimekaa gizani nikatafuta mwanga, na kila tulipoona tundu tumeziba. Chokaa ni mpya, sakafu ni mpya. Lakini mvua bado haijaijaribu, na mimi sijaiona ikijaribiwa. Yote ninayoyajua ni hayo."

Zipora akasema kwamba kazini kwake watu humwambia kila siku kwamba hakuna tatizo, na hao ndio wanaomtisha. Aliinuka, akavua aproni, akaomba ruhusa ya saa moja, wakaenda pamoja Posta.

Halfani alikwenda mwenyewe dukani kwa Gulamrasul kumpa habari. Alidhani atakasirikiwa. Yule mzee alimkaribisha chai, akauliza nyumba imenunuliwa kwa shughuli gani, na aliposikia akasema magunia yanaweza kulala popote. Aliomba tu kujua ni fundi gani aliyepiga ile miteremko. Halfani alipomwambia ni yeye mwenyewe, alimpa kazi ya siku tatu katika ghala lake jingine. Halfani akashukuru, akasema anasafiri.

Mvua ilinyesha siku mbili baada ya hati kuandikwa, alasiri, wakati Stara akifunga vyombo. Ilianza kwa upepo uliofunga madirisha yote ya mtaa kwa pamoja, kisha ikaanguka juu ya bati kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye behewa. Zipora alifika mbio kutoka kazini, mwavuli umepinduka, viatu mkononi. Shantaben naye akavuka, akisema amekuja kurudisha sufuria, ingawa hakuwa na sufuria. Wote wanne wakapita chumba hadi chumba nyuso zikiwa juu, bila kusema, kwa sababu hata wangesema wasingesikika. Cha kwanza kikavu. Cha pili, kile cha tangu mwaka wa arobaini na nane, kikavu. Cha tatu, cha nne. Cha tano, pembeni, tone moja lilitokeza kwenye pau, likanenepa, likaanguka kwenye paji la uso la Halfani.

Alilifuta kwa kidole, akalitazama. Zipora alimwinamia sikioni akapaza sauti kwamba tone moja si kitu, angeweka bakuli. Halfani akatikisa kichwa. Mvua ilipopungua alikuwa tayari juu ya ngazi na kopo la lami, mkewe chini ameshika ngazi na kumwambia lori la Kondoa halitamngoja, na yeye akimjibu kwamba lori lina dereva na dereva ana masikio, aambiwe asubiri.

Lori lilisubiri mpaka asubuhi ya pili. Waliondoka na vitanda viwili, kasha la nguo, mitungi, kuku waliokuwa kwa Shantaben, na mfuko wa chapati na pilipili za achari ambazo Shantaben aliziandaa tangu alfajiri, akilia na kuwaagiza wasile zote njiani. Mama yake Zipora alikuwa amefika kutoka Chamwino usiku uliopita. Alikuwa amekalia mkeka barazani akiwaangalia wenye nyumba wakiondoka, na pembeni yake, miguu ameinyoosha, alikuwa yule mwanamke wa hospitali. Mtoto wake alizaliwa Jumapili iliyofuata katika chumba cha nne, wa kike, mwenye kelele nyingi.

Njiani lori lilinasa kwenye korongo. Abiria walishuka wakasukuma, Halfani akielekeza mawe yawekwe wapi na matawi wapi, na dereva akamtii bila kuuliza ni nani. Walifika Kondoa kesho yake saa nne, wamejaa matope. Stara hakuingia nyumbani kwanza. Alipita moja kwa moja katikati ya mashina ya migomba mpaka kwenye chemchemi ya kaka yake, akavua viatu, akapiga magoti, akanywa kwa viganja mara nne. Kisha akamwita mumewe aje aonje.

Halfani alionja, akasema kweli ni matamu. Halafu akaufuata mfereji uliokuwa ukipeleka maji shambani, mikono nyuma, akitazama chini, mpaka alipopotea nyuma ya migomba. Stara akamsikia kutoka kule akiuliza jembe liko wapi.